Ushuhuda Bila Kisu

Kule Ndabibi wanawake walimwita Mama Titi, na Chepkemboi hakukasirika hata siku moja. Angekasirika vipi, na yeye mwenyewe ndiye aliyelitafuta jina hilo? Alikuwa akisimama mbele yao katika uwanja wa shule, anavua sweta, anajipigapiga upande wa kushoto wa kifua, pale ambapo hapakuwa na kitu ila kitambaa kilichokunjwa, kisha anasema: "Hapa palikuwa na titi. Saa hii hakuna. Na mimi niko, nakula ugali, nagombana na mzee wangu kama kawaida. Kuna mwenye ananicheka?" Walicheka, ndiyo. Halafu mmoja baada ya mwingine walimfuata nyuma ya darasa kumwonyesha walichokuwa wakikificha.

Kikopey pia alifika, kwa akina mama wanaosonga ugali na kukata kachumbari nyuma ya mabucha ya nyama choma, macho yao mekundu kwa moshi. Alikuwa mtetezi wa wagonjwa, kazi isiyo na ofisi wala yunifomu. Humshika mama mkono hadi kliniki, humgombeza karani anayemwambia mgonjwa arudi kesho, humweleza mume kwa lugha ya ng'ombe na mashamba kwa nini mkewe hawezi kungoja mpaka mavuno yaishe. Methali yake ilikuwa moja, nayo aliitia katika kila neno kama chumvi: mficha maradhi kifo humuumbua. Aliisema vizuri. Aliisema kama mtu ambaye hajaficha kitu.

Lakini Rongai hakuwahi kuisema, na Rongai ndiko kwao. Wenzake wa kazi walipomuuliza ni lini atawapeleka kwa akina mama wa nyumbani, alijibu kwamba nabii hana heshima kwao, wakacheka, mambo yakaisha. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Hii ya Chepkemboi ilitoka Ndabibi hadi Rongai, na mji wa Nakuru ukakaa katikati ukizuia habari za huku zisikutane na za huko.

Ilikuwa hivi. Uvimbe ulipomwota titini, aliwaambia akina mama wa maombi wa kanisa lao, nao wakafunga na kuomba kwa ajili yake. Hicho walikijua. Wasichokijua ni kwamba baada ya maombi aliingia hospitali Nakuru, akakatwa titi, kisha akatiwa zile dawa za mshipani zinazomfanya mtu atapike hata maji. Yeye na mumewe Kipngetich walikubaliana waseme ameenda Eldoret kwa dada yake kupumzika. Aliporudi, kitambaa kichwani kilificha nywele changa kama za kifaranga, na sidiria iliyojazwa matambara ikaficha lile lingine. Jumapili iliyofuata aliitwa mbele atoe ushuhuda.

Sasa, katika kanisa lile la mabati, ushuhuda una kanuni zake, ingawa hakuna aliyewahi kuzitangaza. Huanzia gizani, hupita kwenye maombi, hutokea kwenye nuru, na humo ndani daktari hana kiti. Anayesema "nilimeza dawa na Mungu akanisaidia" hupewa amina ya adabu, ile anayopewa mtu aliyekukaribisha kwa chai iliyopoa. Anayesema "ni Mungu peke yake" hupigiwa vigelegele, na akina mama huacha viti wakacheza hadi vumbi linapanda. Chepkemboi alikuwa amepanga kusema yote. Kipngetich ni shahidi, kwa maana alimsikia akijifunza maneno hayo huku akikamua ng'ombe. Lakini aliposhika maikrofoni akawaona wale waliolala njaa kwa ajili yake, wakimtazama kama shamba linalongoja mvua, ulimi ukateleza. Ulimi hauna mfupa.

"Bila kisu," alisema. "Bila dawa. Bwana peke yake!"

Kanisa likalipuka. Na tusimpakie Mungu lawama yote, haya nayo ilikuwamo. Hakutaka wanaume wa Rongai wawe wakimsalimia huku macho yao yakishuka kifuani kuhesabu kilichobaki. Basi akaacha iwe hivyo. Miaka mitatu ikapita, na kila alipokuwa Ndabibi akivua sweta, kulikuwa na kitu moyoni kilichomchoma, naye akakifunika kwa kupaza sauti zaidi.

Jepkemei alikuja alasiri, wakati wa kuvuna mahindi. Walikuwa majirani na walikuwa wote katika kundi la maombi. Jepkemei ndiye aliyempelekea Kipngetich chakula cha watoto muda wote ule mkewe alipokuwa, ati, Eldoret.

"Chamgei, Mama Travis," alisalimu mlangoni.

"Chamgei mising, Mama Jerry. Keti, chai iko."

Jepkemei hakuketi. Aliufunga mlango, akageuka, akafungua vifungo vya blauzi.

"Hii kitu imekuja kwangu pia," alisema.

Ngozi ya titi ilikuwa imeingia vishimo kama ganda la chungwa. Chuchu ilikuwa imevutwa ndani. Pembeni palikuwa na uvimbe mgumu ambao haukusogea Chepkemboi alipougusa, na chini ya kwapa palikuwa na mwingine. Vidole vyake vilikuwa vimefundishwa, vikajua kabla yeye hajakubali kujua.

"Imeanza lini?"

"Tangu tupande mahindi ya mwaka jana. Ilikuwa kidogo tu, kama maharagwe."

"Mwaka jana! Na hukuniambia?"

"Si nilikuwa naomba, vile wewe uliomba. Nimefunga, nimetoa sadaka, lakini inaongezeka tu. Ndio nikasema wacha nikuje kwako. Wewe ndio unajua njia yake." Alikishika kiganja cha Chepkemboi, akakirudisha pale pale penye uvimbe. "Niwekee mkono, Mama Travis. Mkono yako ni ya mtu amepona."

"Twende Nakuru, Mama Jerry. Nitakupeleka mimi mwenyewe. Kuna madaktari nawajua, watu wazuri."

"Nakuru watanikata."

"Pengine. Lakini..."

"Wewe ulienda Nakuru?"

Swali lilikuwa dogo na jibu lake lilikuwa dogo zaidi. Kule Ndabibi Chepkemboi angelitoa huku akicheka. Hapa, sebuleni kwake, mbele ya mwanamke aliyemlishia watoto, alifungua kinywa na kusikia vigelegele vya siku ile, akaona nyuso za kundi zima zikimgeukia, na yeye amesimama katikati yao bila nguo.

"Tuombe kwanza," alisema.

Wakaomba. Aliuweka mkono juu ya lile jiwe na akaomba kwa sauti, na cha kumuumiza zaidi ni kwamba aliomba vizuri. Maneno yalikuja yenyewe, machozi yakaja, Jepkemei naye akalia kwa faraja, akafunga vifungo vyake na kuondoka akiwa amenyooka mgongo kuliko alivyoingia. Chepkemboi alibaki mlangoni akiutazama mgongo huo ukipotea kati ya mahindi. Kosa la kwanza angeweza kulitetea: hofu, haya, furaha ya watu. Hili la leo hakulipatia jina. Alijua alichokigusa na alijua kinakokwenda, na badala ya kusema ndiyo, aliomba.

Kipngetich alipoingia alimkuta amekaa na chai imepoa.

"Una nini?"

"Nimemuua Mama Jerry," alisema, na Kipngetich, ambaye si mtu wa maneno mengi, alikaa kando yake na hakumbishia.

Asubuhi yake alikwenda. Jepkemei alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa juu ya turubai, akipukuchua mahindi. Mumewe, Kibii, mzee wa kanisa na mtu wa kuheshimiwa, alikuwa shambani na wavunaji. Chepkemboi hakungoja kukaribishwa. Alikaa juu ya turubai, akachukua hindi moja ili mikono ipate la kufanya, akasema.

"Nilikatwa, Mama Jerry. Hiyo siku nilisema bila kisu, nilikuwa nimekatwa. Sikuenda Eldoret. Nilikuwa Nakuru. Titi ilienda, nikadungwa dawa, nywele ikatoka yote. Nilidanganya. Na jana nilidanganya tena, nikikuangalia kwa macho."

Punje ziliendelea kuanguka. Jepkemei alimaliza hindi lile, akatupa gunzi kwenye rundo, akachukua hindi jingine.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Si nilikukumbatia hiyo siku ya ushuhuda? Mwanamke akikumbatia mwenzake anajua kama ni mwili ama ni nguo. Na Eldoret gani hiyo inatoa mtu nyusi, Mama Travis? Sisi si wajinga."

Chepkemboi alihisi uso unamwaka. Miaka mitatu ya matambara, miaka mitatu ya kumkwepa huyu na kumgeuzia yule bega, na mtu alijua tangu dakika ya kwanza.

"Sasa kama ulijua, mbona hukuenda hospitali? Mbona ulikaa nayo?"

Hapo Jepkemei aliacha kupukuchua. "Kwa sababu naogopa kisu. Mamangu alikatwa tumbo na hakurudi. Nilipoguswa na hii kitu nilijua ni nini, nilijua pa kwenda. Lakini nikakumbuka wewe ukisimama pale mbele na kusema bila kisu. Nikasema, kama Mama Travis anaweza simama mbele ya Mungu aseme hivyo na asipigwe na radi, basi wacha na mimi nishike hiyo. Ulinipatia pahali pa kujificha. Nikajificha." Aliyafuta macho kwa mkono wenye unga wa mahindi. "Hata jana nilikuja nikisema moyoni, leo ataniambia. Nikimuuliza moja kwa moja ataniambia, na nikiambiwa nitaenda. Ukaniombea."

Chepkemboi alikuwa amekuja akidhani atabomoa imani ya mtu, akakuta hapakuwa na imani ya kubomoa. Palikuwa na woga wa watu wawili tu, wake na wa jirani, ulioegemeana kama vibanda viwili vibovu. Alitamani Jepkemei amtukane. Hakutukanwa.

"Twende leo," alisema. "Saa hii. Vaa kiatu."

"Baba Jerry hawezi kubali. Mimi nilijua, yeye aliamini. Amekuwa akiniambia kila siku, mke wa Kipngetich alipona bila kukatwa, wewe imani yako iko wapi? Nikienda kwa daktari, kwake ni kama nimemkana Mungu." Akalishika tena hindi lake. "Ulisemea kanisani. Rudi useme hapo hapo, yeye akisikia. Ukiniambia mimi hapa kwa turubai hujasaidia mtu."

Jumapili hiyo Chepkemboi alivaa gauni lake la kijani na hakujaza sidiria. Kipngetich alimtazama, akaenda kuwasha pikipiki. Chepkemboi alikuwa na hofu kuliko siku ile ya kupasuliwa, maana siku ile alikuwa amelala usingizi wa dawa, na leo angekuwa macho mwanzo hadi mwisho.

Wakati wa shuhuda ulipofika, alipanda mbele bila kuitwa. Mchungaji Naftaly alimpa maikrofoni kwa tabasamu, kwa maana shuhuda za Mama Travis zilikuwa na jina zuri.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina!"

"Miaka tatu iliyopita nilisimama hapa nikasema Mungu aliniponya bila kisu na bila dawa. Hiyo ilikuwa uongo."

Hakuna aliyesema amina. Mtoto mmoja alicheka, akafinywa.

"Nilipasuliwa Nakuru. Walitoa titi moja, hii ya kushoto, mnaweza kuona. Nikapewa dawa miezi mingi. Mungu alikuwa na mimi, lakini alikuwa na mimi huko hospitali. Niliona haya, na nilipenda vile mlicheza. Sasa kuna mtu hapa ndani ako mgonjwa kama mimi, na hajaenda hospitali juu yangu..."

Kanisani humo hakuna anayeambiwa aketi. Ushuhuda ukienda kombo, ukirefuka au ukigusa mambo ya nyumba ya mtu, mmoja huanzisha pambio, wengine hudakia, makofi yakaanza, na mwenye kushuhudia akajikuta anaimbiwa mpaka kwenye kiti chake. Ni ustaarabu wao na hauna chuki. Mchungaji Naftaly mwenyewe ndiye aliyeanzisha, kwa sauti ya upole, macho yamefumba. Benchi la mbele likadakia. Fundi wa vyombo akazima maikrofoni. Chepkemboi akaendelea kusema, akasikia sauti yake ikizama katika makofi kama kokoto ndani ya mto.

Angeweza kushuka hapo. Amesema, wenye masikio wamesikia, nani angemlaumu? Lakini Kibii alikuwa ameketi benchi la tatu upande wa wanaume, kofia juu ya goti, akiimba kama wengine, na mtu anayeimba hawezi kusema amesikia. Chepkemboi akashuka, akakata upande wa wanaume, jambo ambalo mwanamke hafanyi wakati wa ibada, akasimama mbele ya mzee yule akiwa karibu kumkanyaga.

"Mzee," alisema, kwa nguvu ya kushinda wimbo, "nilikatwa. Nilikudanganya. Mke wako atakufa mkingojea kitu haikunifanyikia mimi."

Kibii aliacha kuimba. Alimtazama usoni, kisha, polepole, bila aibu na bila tamaa, alimtazama kifua. Karibu naye wanaume walikuwa bado wanapiga makofi huku shingo zimewageuka.

"Walikukata," alisema, "na ukarudi ukalima?"

"Msimu uliofuata. Uliniona ukipita."

Kibii akasimama, akavaa kofia humo humo ndani ya kanisa, akatoka. Upande wa wanawake Jepkemei naye akainuka, akamfuata. Wimbo ukaendelea mpaka ukaisha wenyewe, na Chepkemboi akarudi kwenye benchi lake, akakuta wenzake wamejisogeza kidogo, hawa huku na hawa kule. Nafasi waliyomwachia ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Jioni mwenyekiti wa akina mama alipiga simu kumwambia apumzike kidogo katika kundi, wataombea jambo hilo. Alisema asante. Alijua anastahili.

Kesho yake, ukungu ukiwa bado mashambani, alisikia mtu akipiga hodi langoni. Ni Kibii, amevaa koti la kanisani, na nyuma yake Jepkemei akiwa na mkoba na blanketi, kama mtu anayekwenda kukaa.

"Wewe ndio unajua njia," Kibii alisema, akitazama kando. "Tupeleke."

Kliniki ile ya Nakuru Chepkemboi aliijua kama jikoni kwake. Alijua dirisha la kuanzia, alijua benchi lisilopigwa na upepo, alijua ni muuguzi gani husalimiwa kwanza. Leo hakumtania yeyote. Daktari Wachuka, msichana mpole asiyependa kuzunguka na maneno, alimpima Jepkemei nyuma ya pazia kwa muda mrefu, akatoka, akanawa mikono, akakaa.

"Nitatoa kipande kidogo tukipime, na kuna picha za kupigwa," alisema. "Lakini sitawaficha. Imeenda mbali, imefika kwapani, na imeshikana na kifua. Saa hii siwezi kukata hata nikitaka. Tutaanza na dawa, tuone kama itarudi nyuma, ndio tufikirie kisu. Ingekuwa mwaka jana, mama, tungekuwa tunaongea mambo tofauti kabisa."

Jepkemei, aliyekiogopa kisu kuliko kifo, alisikia kwamba kisu chenyewe hakimtaki. Akaipokea habari hiyo kwa kutikisa kichwa mara moja. Kibii alikuwa akiizungusha kofia yake mikononi, macho sakafuni.

"Sasa niambie," daktari aliuliza, kalamu mkononi, "kwa nini umechelewa hivi?"

"Ni ng'ombe, daktari," alisema Jepkemei. "Tulikuwa na mmoja anataka kuzaa, halafu ingine ikashikwa na ugonjwa. Huwezi acha boma."

"Mwaka mzima ni ng'ombe?"

Chepkemboi hakuweza kuvumilia. Kitu hiki alikuwa amekibeba tangu mlangoni kwake, kupitia turubai, kupitia kanisa, na hapa hatimaye palikuwa na mtu wa kumhukumu kitaalamu, aseme ni kosa kubwa kiasi gani. Akasogeza kiti mbele. "Daktari, si ng'ombe. Ni mimi. Mimi ndiye..."

"Mama Travis." Jepkemei hakupaza sauti. "Mgonjwa hapa ni nani?"

"Ni wewe."

"Nani ameulizwa?"

"Wewe."

"Basi niachie nijibu." Akaunyoosha mkono kando bila kutazama, akaishika kofia ya mumewe ili iache kuzunguka. "Ni ng'ombe, daktari. Andika."

Daktari Wachuka aliwatazama wote watatu, akaandika. Chepkemboi akafunga kinywa chake, kile kilichozoea kuwasemea wanawake wa bonde zima, na lawama aliyokuja nayo kuitua juu ya meza ile ikambidi arudi nayo Rongai.